Sayari Isiyo na Chini

Siku alipotufundisha kuhusu dunia isiyo na ardhi, mwalimu wetu wa jiografia alitusimamisha wote juu ya madawati. Tulikuwa kidato cha pili, shule ya sekondari nje kidogo ya Katesh, na mlima Hanang ulikuwa umejaa kwenye madirisha yote ya upande mmoja. "Sasa ondoa dawati," akasema. Tukacheka. "Ondoa sakafu. Ondoa na udongo ulio chini ya sakafu, na mwamba ulio chini ya udongo. Mlima nao uondoe. Mmesimama juu ya nini?" Mvulana mmoja wa mbele akajibu kwamba tumesimama juu ya hewa. Mwalimu akamwambia hapana, wewe umeshaanza kuanguka, ila bado hujajua.

Alikuwa amesikia redioni kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua sayari inayozunguka nyota nyingine, nyota ya kawaida kama jua letu hili. Habari yenyewe haikuchukua hata dakika moja, alisema, ikafuatwa na mpira. Sayari kubwa, gesi tupu, iliyolisogelea jua lake mno hata mwaka wake unaisha kabla ya wiki kwisha. Yeye alifundisha habari hiyo ya dakika moja kwa muda wa wiki nzima. Haikuwa kwenye muhtasari na mtihani wa taifa usingeiuliza, na mkuu wa shule alimwita kumkumbusha hivyo. Alirudi darasani akaendelea pale pale alipoishia.

Alituambia upande mmoja wa sayari ile huenda unaliangalia jua siku zote na upande wa pili haujawahi kuliona. Sufuria ya mama yako, alisema, ingeyeyuka kule ikawa uji kabla hujaitia hata maji. Mawingu yake huenda si ya maji, ni ya vitu ambavyo kwetu ni mawe, vimegeuka mvuke kwa joto, kwa hiyo mvua ikinyesha huenda inanyesha mawe. Na upepo unatoka upande wa mchana kwenda upande wa usiku kwa kasi ya kuipita sauti, hivyo mtu akikuita, upepo utakufikia kabla ya jina lako. Mengine aliyasoma, mengi alikisia, na nilipokwenda chuo baadaye nilikuta amekisia vizuri kuliko baadhi ya vitabu. Jambo moja tu alikosea, na hilo ndilo alilolipenda kuliko yote.

"Kule kitu kikianguka hakifiki," alisema. Akaachia chaki ikadondoka sakafuni, ikavunjika. "Hii imefika. Kule isingefika. Hakuna pa kufika, inaanguka tu, milele."

Mimi sikuwa mtoto wa kuvutwa haraka, na bado nasifiwa kwa ubishi huko ninakofundisha. Lakini siku ile nilinyoosha mkono nikamuuliza mtu akifa kule anazikwa wapi. Darasa likaangua kicheko. Mimi ni Mbarabaig wa Balangdalalu, na kwetu mzee wa heshima hazikwi kwa siku moja. Inakuwa kazi ya miezi, kilima cha udongo kinajengwa juu yake hadi kionekane kutoka malishoni, na wajukuu wanajua pa kwenda. Kisha yalikuja mashamba makubwa ya ngano, na trekta zikapita juu ya baadhi ya vilima hivyo. Babu yangu mzaa baba alilala mahali fulani katika ngano ile, na baba yangu alikufa akiwa bado anabishana na kaka zake ni wapi hasa. Kwa hiyo sikuwa nafanya mzaha.

Mwalimu hakucheka. Alisema hajui. Mchana alinifuata bombani nilikokuwa nafua, akajikunyata juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuniuliza habari za vilima vile: vinajengwaje, nani anapaka udongo, nini kinafanyika kama mvua imebomoa. Alisikiliza hadi kengele ikagonga. Hakuniambia pole, na hakuniambia yatapita. Nilimpenda kuanzia siku ile, na nasema wazi kwamba nilimpenda kuliko baba zangu wadogo wote kwa pamoja.

Neno alilolichukia kuliko matusi ni "mbali". Ukiandika kwenye insha yako kwamba kijiji chenu kiko mbali, alizungushia neno hilo duara jekundu na kuandika pembeni: kutoka wapi? Kwake hakukuwa na kitu kilicho mbali, kulikuwa na vitu ambavyo hujasema unavipimia wapi. Dar es Salaam ilikuwa mbali kutoka Katesh, lakini Katesh nayo ilikuwa mbali kutoka Dar es Salaam, na wao hawakuwa wanajionea huruma. "Kazi ya jiografia," alipenda kusema, "ni kumwonyesha mtu alipo. Akishajua alipo, malalamiko yanapungua." Tuliiga sauti yake bwenini, ile sauti yake ya Kiiraqw iliyokuwa inavuta maneno kutoka kooni, na kila mwenye kulalamikia maharage aliambiwa kwanza aseme yuko wapi.

Redio yake ilikuwa ya betri kubwa nne. Zikichoka alizianika juani juu ya bati la jiko, kama watu wote walivyofanya, ila yeye alizigeuzageuza kila baada ya kipindi ili zipate joto pande zote. Ukimwona mwalimu anatoka darasani mbio, usidhani ameitwa na mkuu wa shule, amekwenda kugeuza betri. Mama, mke wake, ambaye sote tulimwita hivyo tu, Mama, alikuwa akisema kwamba angezaliwa betri angeangaliwa vizuri zaidi. Alisema mbele yake, na yeye alicheka kuliko sisi.

Alikuwa na koti moja la mitumba, la kijivu, zito, lililotengenezwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine, na alilivaa hata jua la Katesh likiwa linapasua midomo. Alisema yeye ni mtu wa Mbulu, wa milimani, baridi imemzoea na ataitafuta hata pasipokuwepo. Mtu huyu aliyetupeleka kila wiki kwenye nyota nyingine hakuwahi kuvuka Arusha. Alifundisha habari za volkano mwaka hadi mwaka huku Hanang yenyewe iko dirishani, na hakuupanda mlima ule hata mara moja, kwa sababu aliogopa kimo. Kubadilisha balbu aliita mwanafunzi. Tulipomtania kwamba huko kwenye sayari ya gesi angekufa kwa hofu kabla ya joto, alikubali, akasema ndiyo maana anaisomea akiwa ameketi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Vyama vya ushirika vilikuwa vinakufa kimya kimya, watu wa mashirika walikuwa wanapunguzwa kazini, na mishahara ya walimu ilikuwa inachelewa hadi tukaanza kuwahurumia sisi wanafunzi wao. Mwalimu wa hesabu aliuza mitumba mnadani. Mwalimu wa kemia alinunua ng'ombe na kuwapeleka Arusha. Wa kwetu alijaribu kufungua kibanda cha sukari, sabuni na mafuta ya taa karibu na stendi, lakini hakuweza kuuza sukari bila kumuuliza mnunuzi inatoka mkoa gani na kwa nini miwa inapenda mahali pale. Watu wana haraka na chai zao, wakahamia kibanda cha jirani. Kibanda chake kilifungwa kabla ya mvua.

Dini alikuwa nayo, aliimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa, na mila za wazee alizicheka hadharani. Iko mila moja ya Wairaqw ambayo aliitaja darasani mara nyingi kama mfano wa mambo ya kale. Nyumba ikipata msiba wa namna fulani, zamani, nyumba hiyo ilikaa peke yake. Watu wake hawakuingia kwa jirani, jirani hakuingia kwao, ng'ombe wao walichungwa kando, moto haukuazimwa, hadi muda wake uishe na nyumba itakaswe. Muda ule ulianza kuhesabiwa siku udongo ulipofunika kaburi. Alituambia wazee walikuwa na sababu zao, labda waliogopa magonjwa, lakini siku hizi tuna zahanati na tuna Injili, mtu aliyefiwa anahitaji watu. Alisema hayo akiwa hajafiwa na mtu wa kumuuma hasa, nami sasa nayasikia kwa sauti nyingine.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Wengine Mama aliwapoteza wachanga, na hilo hatukulijua hadi tulipokuwa wakubwa. Kijana alikuwa madarasa mawili mbele yetu, mrefu, mpole, mwenye kicheko kinachoishia machoni bila kufika mdomoni. Baba yake alimbana kuliko alivyotubana sisi. Kidato cha nne alipata daraja ambalo wakati wetu liliitwa la kati na kati, halikutosha nafasi chache za serikali, na shule za kulipia zilizokuwa zimeanza kuota kila mahali zilikuwa za watoto wa watu wengine. Mwalimu akamtaka arudie mtihani. Kijana akasema atakwenda Mererani mwaka mmoja tu, kwenye machimbo ya tanzanaiti, arudi na ada yake mwenyewe.

Vijana wote wa rika lile walikuwa wanakwenda. Wanaozama kwenye mashimo yale wanaitwa wanaapolo, na inasemekana jina hilo limetokana na kile chombo cha Wamarekani kilichokwenda mwezini. Mwalimu alilipenda sana jina hilo. Alilitumia darasani. Sisi huku tunasoma namna ya kwenda juu, alisema, na mwanangu ameshika njia ya chini, tutaona nani atatangulia kufika. Tulicheka wote. Nafikiri alijivunia kijana yule kwa namna asiyoweza kuikiri, kwa sababu mwanawe aliweza kushuka kwa kamba katika shimo refu kuliko mnara wa kanisa, wakati yeye mwenyewe hakuweza kupanda ngazi.

Habari ilikuja wakati sisi tuko kidato cha nne. Kijana mwenzake wa kutoka Dongobesh alishuka kwenye basi la asubuhi, akaja moja kwa moja shuleni akiwa bado na vumbi la kule masikioni. Mwamba ulikuwa umeshuka ndani ya shimo. Waliokuwa juu walitoka, waliokuwa chini kabisa hawakutoka. Walichimba kidogo, kisha sehemu nyingine ikaanza kushuka, tajiri mwenye shimo akasema basi, hawezi kuua wengine. Shimo likaachwa. Baada ya muda likafunguliwa jingine pembeni.

Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Tulikuwa tunaona kutoka uwanjani. Alimuuliza yule kijana kama alimwona mwanawe. Kijana akasema hakumwona, alikuwa chini. Akamuuliza kama alimsikia. Kijana akasema walisikia sauti siku ya kwanza, lakini hawakujua ni za nani. "Basi hamjui," mwalimu akasema, akaingia ndani. Kipindi kilichofuata alitufundisha kilimo cha mpunga cha nchi za Asia, hadi mwisho, bila kukosea.

Alikwenda Mererani. Alikaa huko hadi viatu vikamwishia. Aliporudi aliomba kustaafu kabla ya wakati, na yeye na Mama wakafunga mizigo, wakarudi kwao Mbulu, juu huko kwenye baridi, kwenye shamba la marehemu baba yake. Hakufanya matanga. Mchungaji wa Katesh alitaka hata ibada fupi ya kumwombea kijana, yeye akasema ibada ya kumwombea aliyeko safarini anaikubali, nyingine hapana. Sisi wanafunzi tulisimama barabarani wakati lori la mizigo likipita. Alitupungia mkono kama mtu anayekwenda likizo.

Niliendelea na shule, nikaenda chuo, nikasomea ualimu wa fizikia. Huko ndiko nilikosoma vizuri habari za sayari zile kubwa za gesi, kwa sababu zilikuwa zinaendelea kugunduliwa nyingine na nyingine, na kila nilipokuwa nasoma nilisikia ile sauti ya kooni. Nilipopangiwa kituo, nilipangiwa Mbulu. Mkoa mpya wa Manyara ulikuwa umeanzishwa, ofisi zilikuwa zinahamia Babati, na kila mtu alikuwa anasema maendeleo yamesogea. Jumamosi ya kwanza nilipanda gari la kwenda kijijini kwa mwalimu.

Mwanamke wa jirani ndiye aliyenielekeza nyumba. Alinisindikiza hadi kwenye uzio wa minyaa, akasimama. Nilimwambia twende wote tukasalimie. Akasema yeye ataishia hapo. Nikadhani wamegombana. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kijiji kizima kilijua kwamba kijana alikufa. Walikuwa wanasubiri mwalimu aseme, ili waje walie naye. Lakini mwalimu hakusema, na msiba haujitangazi wenyewe. Wazee walikwenda kumshauri kwamba mwili usipopatikana kuna njia: wanachukua nguo za marehemu, wanachimba kaburi, wanazika nguo, udongo unafunika, hesabu inaanza, na siku ikifika nyumba inatakaswa, mambo yanakwisha. Mwalimu aliwajibu kwa adabu kwamba hawezi kuzika shati. Wazee wakarudi. Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na msiba usioanza. Na watu, Wakristo wote hawa, waliobatizwa na kusoma, ile hofu ya zamani iliwarudia. Nani alijua nyumba kama hiyo inahesabiwaje? Waliacha kuingia. Mbuzi wa nyumba ile wakachungwa upande mwingine wa bonde. Hawakuwa na ubaya naye, walimsalimia njiani na wakamwachia viazi langoni, ila hapakuwa na aliyevuka minyaa ile.

Na mwalimu naye hakuingia kwao. Hii ndiyo sehemu inayonikasirisha hadi leo. Mtu aliyecheka mila ile mbele ya watoto alikuwa ameikumbatia yote, kwa sababu ndani yake alikuta kipengele kimoja kilichomfaa: kama udongo haujafunika, hesabu haijaanza, na kama hesabu haijaanza, hakuna aliyekufa. Majirani walisubiri azike ili wamfikie. Yeye alisubiri mwanawe. Walikuwa wanasubiriana hivyo kwa miaka, hatua chache kutoka mlango hadi mlango.

"Na Mama?" nikamuuliza yule jirani.

"Mama halii," akasema. "Akilia atakuwa ametangaza. Mume wake hajatangaza. Anapalilia tu, anapika tu. Mimi namsikia akikohoa, namsikia akiita kuku. Kulia sijamsikia."

Nilivuka minyaa. Mimi ni Mbarabaig, nilijiambia, mila zao hazinihusu, nami nina za kwangu za kutosha. Nilimkuta mwalimu kwenye benchi nje ya nyumba, ndani ya koti lile lile, ameketi mahali anapoona barabara inapopinda. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitambua kabla sijajitaja. Alifurahi. Aliniuliza nafundisha nini, nikamwambia fizikia, akasema hiyo ni jiografia ya watu wenye haraka. Kwa muda kidogo alikuwa yule yule. Kisha akaniuliza, kwa furaha ambayo sikutaka kuiona usoni pake, kama nimesikia Simanjiro, wilaya ya Mererani, imeingia Manyara pamoja nasi. Mkoa sasa ni mdogo, na Mererani imo humu humu. "Hayuko mbali tena," akasema. Alilitamka neno lile mwenyewe, na hakuuliza kutoka wapi.

Nikawa nakwenda kila nilipopata nafasi. Mama alinipikia makande, akaniuliza habari za Katesh, nani ameolewa, nani amejenga. Hakumtaja kijana. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa kwenye chumba cha nje, na kila msimu wa mavuno ulipokwisha Mama alilitoa godoro juani na kulirudisha. Mikono yake ilikuwa imekauka, na alikuwa na tabia mpya ya kukata sentensi katikati na kuangalia upande wa mume wake, kama anayesubiri aambiwe aendelee. Mimi niliwahi kumsema mwalimu kwa hilo, kwa heshima, tukiwa wawili. Nilimwambia Mama anachoka. Akanijibu kwamba anajua. Akasema mtu akishaacha kumngoja mwenzake ndipo anapomuua, na yeye hataki kuwa wa kwanza. Nilirudi Mbulu mjini nikiwa na hasira hadi nikashindwa kusahihisha madaftari.

Siku ninayotaka kuisema ni ya kiangazi, asubuhi, upepo wa baridi ukiwa umelaza ngano yote upande mmoja. Nilikuwa nimechukua sukari na majani ya chai. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jiko, anachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu alikuwa amekonda sana mwaka ule, shingo yake ilizunguka ndani ya kola bila kuigusa. Redio ilikuwa kimya. Aliniambia wanaendelea kuzigundua, zile sayari, zimekuwa nyingi hata hawazitangazi tena. Nikasema ndiyo, zimekuwa nyingi.

"Wewe umeisoma vizuri fizikia," akasema.

"Nimeisoma, mwalimu."

"Niliwaambia kitu kikianguka kule hakifiki. Kinaanguka milele."

"Nakumbuka."

"Ni kweli?"

Nilimwangalia Mama. Alikuwa ameacha kuchambua, ingawa vidole vilikuwa bado ndani ya maharage. Mwalimu hakuwa na haja ya kunieleza anauliza nini, na mimi nilikuwa na uongo mzuri tayari, uongo ambao ungemfaa mzee yeyote mwingine. Lakini huyu ndiye aliyejikunyata kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniuliza habari za makaburi yetu bila kuniambia pole. Nilimheshimu mno kumdanganya.

"Hakifiki, mwalimu, hilo ni kweli," nikasema. "Lakini hakianguki milele."

Nikamweleza. Nilimweleza pole pole, kama alivyokuwa akitueleza sisi. Kwamba gesi ile ya juu ni nyepesi, lakini kadiri unavyoshuka inabanwa na gesi iliyo juu yake, inakuwa nzito, inakuwa kama maji, na mbele zaidi inakuwa nzito kuliko kitu chochote tunachokijua. Kwamba joto linaongezeka kila unaposhuka. Kitu kikianguka humo kinabanwa kutoka pande zote, kinapasuka, kinayeyuka, kinachanganyika na kilichokizunguka. Pengine katikati kabisa kuna mwamba, wataalamu wanabishana, lakini hakuna kitakachoufikia kikiwa bado kitu. Kinaisha njiani.

"Inachukua muda?"

"Si mrefu. Kwa mtu ni mfupi sana." Neno mtu lilinitoka lenyewe. Nilitamani kulirudisha, kisha sikutamani tena.

"Kwa hiyo hakuna kinachoendelea kuanguka."

"Hakuna, mwalimu."

"Na kinachobaki?"

"Kinabaki humo humo. Kinakuwa sehemu ya sayari."

Aliinamisha kichwa. Upepo ulikuwa unapiga bati la jiko. Kisha akasema alifundisha vibaya. Nikamwambia alifundisha kilichojulikana Katesh wakati ule, hakuna aliyejua zaidi. Hakucheka, nami sikucheka. Moyo wangu ulikuwa unauma kana kwamba mimi ndiye niliyeliziba lile shimo.

Alinyanyuka kwa kushika ukuta. Akatembea hadi kwenye mkeka, akasimama mbele ya mke wake, akavua kofia.

"Mama," akasema, "mtoto wetu amekufa."

Mama hakushtuka. Aliuweka ungo chini pembeni yake kwa uangalifu, maharage yasimwagike, akafuta mikono kwenye kanga. Akamtazama kutoka pale chini alipokuwa amekaa.

"Naweza kulia sasa?" akamuuliza.

"Lia," mwalimu akasema.

Sijawahi kusikia kilio kama kile, na nimezika wazazi wangu wote wawili. Hakikuanza kidogo kikapanda. Kilitoka chote, cha miaka yote, na mwili wake mdogo ukakipisha. Alimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Mwalimu alikuwa bado amesimama na kofia mkononi, machozi yanashuka hadi kwenye koti, bila sauti. Nilikaa chini kwenye udongo.

Kule milimani sauti inavuka bonde. Upande wa pili niliona watu waliokuwa shambani wakisimama, majembe mkononi, wakigeuka kuangalia inakotoka. Kisha wakaanza kuja, wengine kwa mbio, wanawake wakijifunga kanga njiani. Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, wa kupikia msibani, inaelekea alikuwa ameuweka tayari siku nyingi. Aliutua nje ya minyaa, akavuka bila kupiga hodi, akamkumbatia Mama kutoka nyuma, akaanza kulia naye. Waliomfuata walivuka vile vile, mmoja mmoja, hadi ua ukajaa. Mwalimu akarudi kwenye benchi, akaketi mwishoni kabisa, akapangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja ili watu wapate pa kukaa.